Kansas City: makumbusho ya bure ambayo watu wanayapita tu

Mtu akiniambia anakuja Marekani na anapenda sanaa, kabla hajamaliza sentensi nishajua atataja New York, na akijitahidi sana ataongezea Washington na Chicago. Sina ugomvi na hiyo miji. Ila mi kama ningeulizwa pa kumpeleka mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya mchoro zaidi ya dakika moja, ningemwambia apande ndege ashuke Kansas City, ile ya upande wa Missouri (kuna nyingine ng'ambo ya mpaka iko jimbo la Kansas, msinichanganyie). Sensa ya 2020 iliwahesabu watu kama 508,000 hivi, kwahiyo ni jiji la kati tu, sio dogo la kulidharau wala kubwa la kukupotezea siku nzima barabarani. Na makumbusho yake mawili makubwa ya sanaa kiingilio ni bure kabisa.

Hili la bure ndo nataka kuliongelea, maana watu wanadhani faida yake ni kuokoa hela tu. Hapana. Ukilipa tiketi dola ishirini na kitu unaingia na roho ya kudai, unataka kuona kila kitu, unakimbia vyumba arobaini miguu inawaka moto, ukitoka nje huna hata picha moja uliyobaki nayo kichwani. Sasa kama mlango uko wazi unaweza kuingia ukaangalia kitu kimoja, nusu saa, ukatoka ukaenda zako kula. Kesho ukarudi kwa kile kile au kingine. Mi ndivyo nilivyojifunza kuangalia, na kusema kweli sikujifunza kwa kusoma.

Tuanze na kubwa lao, Nelson-Atkins. Historia yake inachekesha kidogo. Alikuwepo tajiri mmoja William Rockhill Nelson, mwanzilishi wa gazeti la Kansas City Star, alifariki 1915 na mali yake ikaelekezwa inunue sanaa kwa ajili ya watu wa mji. Halafu kulikuwa na mama mmoja, Mary Atkins, mwalimu wa zamani aliyeolewa na mtu wa biashara ya viwanja akabaki mjane, naye kwenye wosia wake akaacha kama dola 300,000 kijengwe kituo cha sanaa. Hawakupanga pamoja, ni warithi na wasimamizi ndo walikuja kuunganisha hela, wakabomoa nyumba ya Nelson na palepale wakajenga jumba la mawe lenye nguzo ndefu, likafunguliwa 1933. Angalia huo mwaka. Ni katikati ya ule Mdororo Mkuu wa uchumi, watu wanapanga foleni ya supu, na hawa wana jumba jipya, hela mkononi, na hawana vitu vya kutosha kuweka ndani. Bei za sanaa duniani zimeanguka. Basi wakanunua kama wendawazimu, na ndo maana leo mji wa katikati ya mashamba ya ngano una vitu ambavyo miji mikubwa inavionea wivu.

Kuna kipengele kingine kwenye wosia wa Nelson nakipenda sana: hela yake isinunue kazi ya msanii yeyote mpaka awe amekufa miaka 30. Yaani mzee hakuwaamini walio hai. Mtu unaweza kucheka, ila ukitembea mle ndani unaona matokeo yake, maana pesa ilisukumwa kwenda nyuma na kwenda mbali, hasa China. Kijana mmoja aliyekuwa anasoma kule, Laurence Sickman, alipewa kazi ya kuwanunulia, baadaye akaja kuwa mkurugenzi wa makumbusho yenyewe. Vyumba vya China pale Nelson ndo sababu ya kwanza ya mimi kurudi rudi.

Na kwenye vyumba hivyo kuna kimoja. Ni kikubwa, kina mwanga hafifu, ukutani nyuma kuna mchoro mkubwa wa zamani wa hekalu la mkoa wa Shanxi, Buddha na kundi lake lote, na mbele yake amekaa Guanyin, yule mtakatifu wa huruma wa Wabudha wa China. Sanamu ya mbao, imechongwa karne ya 11 au 12, bado ina rangi, ina urefu wa mita mbili na zaidi. Amekaa goti la kulia kalipandisha, mkono kaulaza juu ya goti, mguu mwingine unaning'inia, kama mtu aliyemaliza kazi zote za dunia na hana haraka ya kuanza nyingine. Nilikuwa nimesimama mbele yake kama wanavyosimama watu wote, simu mkononi, mlinzi mmoja mzee akanisogelea akaniambia nisikae pale katikati, niende pembeni nichuchumae kidogo nimwangalie kutokea chini. Nikaenda. Jamani, sura inabadilika! Kutoka mbele anaonekana anakutazama juu juu, ukishuka chini unakuta macho yalikuwa yanakusubiri hukohuko. Baadaye nikaelewa kwamba waliochonga walijua watu watakuwa wamepiga magoti. Siku hizi ni walinzi ndo nawauliza kwanza kabla sijasoma kibao chochote, kwasababu mtu anayesimama chumba kimoja saa nane kwa siku anajua vitu ambavyo hata waliosomea hawavioni.

Lakini pia nisijifanye sioni. Mchoro wa ukutani haushuki ukutani wenyewe ukapanda meli. Ule ni ukuta wa hekalu, ulikatwa, ukauzwa kipindi China imevurugika, na kuna watu walikuwa wanasali mbele yake. Nampenda Guanyin na bado hilo swali linanikera kila nikikaa pale, na naona ni sawa linikere.

Ukitoka hapo usijaribu kumaliza jengo. Mi nachagua kingine kimoja tu, na mara nyingi ni mchoro wa Caravaggio, Mwitaliano wa zamani, Yohana Mbatizaji jangwani, wa 1604 hivi. Ni kijana kabisa, kakaa kainamisha uso, joho jekundu limemwagika, nusu ya mwili iko gizani, hana duara la nuru kichwani wala mbawa za mtu yeyote karibu. Ana hasira au ana huzuni, mi na rafiki yangu tulibishana mpaka mama mmoja akatukoholea. Rafiki yangu anasema yule ni kijana aliyeambiwa na baba yake akae hapo mpaka ajue kosa lake. Mi nadhani anajua kitakachompata. Bado hatujaafikiana.

Halafu kuna mayungiyungi, yale maua ya majini, ya mchoraji Mfaransa Monet, ambayo yana kituko chake. Alichora paneli tatu ziungane ziwe mchoro mmoja mrefu, na zikauzwa makumbusho matatu tofauti: moja ipo hapa, moja St. Louis, nyingine Cleveland. Kwahiyo unachokiona ni theluthi ya bwawa. Mwaka 2011 ziliwekwa pamoja palepale Nelson, baadaye kila moja ikarudi kwao. Hii huwa namwambia mtu akishaangalia, sio kabla, maana ukimwambia mapema atakuwa anatafuta mahali bwawa lilipokatwa badala ya kuangalia maji.

Nje kwenye nyasi ndo kuna ile picha ya kila kadi ya posta ya mji huu, vile vimpira vya mchezo wa vinyoya (badminton) vikubwa ajabu, kila kimoja karibu mita tano na nusu kwenda juu, kazi ya Claes Oldenburg na mkewe Coosje van Bruggen, viliwekwa 1994. Wazo lao ni kwamba lile jumba lenye nguzo ndo wavu, na majitu fulani yamecheza yakaacha vitu vimeanguka, vitatu upande wa kusini na kimoja upande wa pili. Watu wa mji walikasirika sana wakati ule, hela gani hizi za kuchezea, leo ukigusa hata unyoya mmoja watakutoa roho. Mi kwa kweli sivipendi kihivyo, ni utani mmoja, ukishaucheka umeisha. Watoto lakini wanavipenda kufa na nadhani hilo linatosha.

Pembeni ya jumba la zamani wamejenga jengo jipya la kioo linaloitwa Bloch, mchoraji ramani ni Steven Holl, 2007, sehemu kubwa imezama chini ya nyasi na juu yamebaki maboksi ya kioo tu. Mchana yanaonekana kama maghala ya plastiki, sisemi uongo, kuna mtu atanuna. Subiri giza liingie. Yanawaka yote kutokea ndani, mwanga mweupe laini, na watu wanakaa kwenye nyasi wanaongea tu. Jina ni la Henry Bloch, yule wa kampuni ya kujazia watu fomu za kodi, na yeye na mkewe pia waliacha michoro yao ya Kifaransa pale, kwahiyo unaweza kusema kodi za Wamarekani zimeishia kwa Van Gogh.

Mambo ya kujua haraka haraka: kiingilio bure ila paking unalipia, na maonyesho maalumu ya wageni yana tiketi yake. Kuna siku za katikati ya wiki wanafunga, angalia kabla hujatoka. Begi la mgongoni utaambiwa ulishike mbele au uliache, flashi hamna. Na kama huna gari, tramu ya mji nayo ni bure, ilianza 2016 ikiwa fupi inaishia Union Station, tangu Oktoba 2025 imeongezwa kwenda kusini kwa barabara ya Main, unashuka unatembea kidogo unafika. Bure juu ya bure.

Kutoka Nelson unatembea kwa miguu unafika Kemper, makumbusho ya sanaa ya kisasa, nayo bure, ilifunguliwa 1994. Huku ndo kwa walio hai, au waliokufa juzi, wale ambao mzee Nelson hakutaka kuwasikia. Mlangoni kwenye nyasi unapokelewa na buibui wa shaba wa Louise Bourgeois, na ukitazama ukutani kuna mwingine mdogo anapanda. Mtu mwenye woga wa buibui ajiandae. Bourgeois mwenyewe alisema buibui zake zinamhusu mama yake, aliyekuwa anakarabati mazulia ya ukutani, na ukishajua hilo hofu inapungua kidogo ila haiishi. Ndani ni padogo, vyumba vichache, dakika arobaini umemaliza, maonyesho yanabadilika kwahiyo siwezi kukuahidi utakuta nini, siku nyingine nimetoka sijaelewa kitu na siku nyingine nimetoka nimenyamaza kabisa.

Kitu kisichobadilika pale ni chumba cha mgahawa. Kuta zake zimejaa michoro 110 ya Frederick J. Brown, mchoraji mweusi, aliyeamua kusimulia historia yote ya sanaa, yaani kila mchoro unaitikia kazi fulani maarufu au msanii fulani, kuanzia zamani za kale mpaka wakati wake, pamoja na Afrika ambayo vitabu vingi huwa vinairuka. Imepangwa imebanana ukuta mzima. Ukitoka Nelson moja kwa moja ukaja hapa unajikuta unatambua watu: huyu nimemwona leo, huyu pia. Ni mtihani mzuri kuliko wa darasani.

Sasa kuna makumbusho mawili ambayo ni ya kulipia, na hapa siongelei sanaa ya fremu, lakini nisipoyataja nitakuwa nimekuonesha nusu ya mji. Ni mtaa wa 18th na Vine, jengo moja lina Negro Leagues Baseball Museum (makumbusho ya ligi za besiboli za Weusi) upande mmoja na American Jazz Museum (ya muziki wa jazi) upande mwingine. Mi besiboli siijui, sheria zake hata leo nashindwa kueleza, na bado lile ndo jumba lililonipiga kuliko yote. Ligi ya Weusi iliundwa mji huuhuu, mwaka 1920, pale YMCA ya Paseo, kiongozi wao akiwa Rube Foster, kwasababu ligi kubwa hazikuwaruhusu wachezaji weusi. Sasa walivyopanga makumbusho: ukiingia tu unakuta uwanja, una sanamu za shaba za wachezaji, urefu wa mtu wa kawaida, kila mmoja kwenye nafasi yake, Satchel Paige anarusha, Josh Gibson kachuchumaa anasubiri kudaka. Unataka kuingia uwanjani. Huwezi. Mbele yako kuna wavu wa waya, ule wa banda la kuku, maana mashabiki weusi kwenye viwanja vingi walitengwa nyuma ya waya kama huo. Inabidi uzunguke historia nzima, mabasi waliyolala, hoteli zilizowakataa, jezi, mikataba, Jackie Robinson akiwa na timu ya Weusi ya hapa, Kansas City Monarchs, 1945 kabla hajavunja ukuta wa ubaguzi kwenye ligi kuu na timu ya Dodgers 1947, uone na jinsi mlango ulipofunguliwa ligi yao yenyewe ikaanza kufa, na ndo mwisho kabisa unaruhusiwa kukanyaga uwanja ule na kusimama katikati yao.

Hakuna aliyenieleza ile waya maana yake mwanzoni, niliisikia mwilini kwanza. Wasanii wa kisasa wengi wanahangaika miaka kutengeneza kitu kinachofanya hivyo kwa mtazamaji na hawafiki. Na hadithi bado inaendelea, mwaka 2024 takwimu za ligi zile ziliingizwa rasmi kwenye kumbukumbu za ligi kuu, na Gibson, aliyefariki 1947 bila kucheza ligi kuu hata siku moja, akawa ndiye anayeongoza kwa wastani wa kupiga mpira wa muda wote, .372 (yaani kwenye zamu 1,000 za kupiga, mafanikio 372).

Upande wa jazi nenda kaone saksafoni ya plastiki ya Charlie Parker, mpigaji mkubwa wa jazi. Ndio, plastiki, nyeupe, inaitwa Grafton, ndo aliyopiga kwenye tamasha la Massey Hall, Toronto, 1953. Mji wenyewe uliinunua mnadani London 1994 kwa pauni 93,500, na kulikuwa na kelele za walipa kodi vilevile kama zile za vinyoya. Parker alikuwa mtoto wa hapahapa, alizaliwa upande ule wa Kansas akakulia huku. Kifaa kiko kwenye kioo, kidogo, kinaonekana kama cha kuchezea watoto, na watu wanapita wanasoma wanatabasamu wanaenda.

Halafu makumbusho ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yale yenye mnara wa mita 66. Wananchi walichanga zaidi ya dola milioni mbili ndani ya siku kumi mwaka 1919. Unaingia kwa kuvuka daraja la kioo, chini ya miguu yako kuna maua mekundu 9,000 ya popi, kila ua ni wapiganaji 1,000 waliokufa. Wapiganaji. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani kule Afrika Mashariki, na walikufa wengi kuliko askari wenyewe, kazi yao haikuwa kupigana, kwahiyo wale mi niliwaongezea kichwani.

Ila mpenzi wa sanaa asiishie chini, apande mpaka ukumbi wa Memory Hall akaone kipande cha Panthéon de la Guerre. Huu ulikuwa mchoro wa kumzunguka mtazamaji, ulichorwa Paris vita ikiendelea, urefu kama mita 120 na kimo cha mita 14, una sura za watu kama 5,000. Ulizungushwa Marekani kwenye maonyesho, watu wakauchoka, ukaishia kutelekezwa. Ulipofika Kansas City miaka ya 1950, msanii wa hapa, Daniel MacMorris, akachukua mkasi. Akakata, akapanga upya, akatumia sehemu ndogo sana, na Marekani ambayo kwenye mchoro wa Wafaransa ilikuwa pembeni akaileta katikati! Sijawahi kuona mahali pengine ambapo unaona wazi hivyo jinsi nchi inavyojiandikia historia, wanakuonesha na mkasi kabisa.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ndo usiku wa Crossroads, eneo la maghala ya zamani ambalo wasanii walihamia. Galari zinafungua milango jioni, unaingia hujaalikwa, hulipi, msanii yupo pale pale unaweza kumuuliza. Watu wengi, muziki, magari ya chakula, na nitasema ukweli kazi nyingi ni za kawaida sana, mandhari ya machweo na mbwa. Ila katikati ya ishirini utakuta moja, na kwasababu hakuna kibao cha kukuambia huyu ni mkubwa inabidi uamue mwenyewe. Kama unataka kuangalia vizuri basi rudi kesho yake mchana hamna mtu. Na kuuliza bei sio ushamba, wanapenda uulize.

La mwisho ni nyumba ya Thomas Hart Benton, mchoraji wa Missouri, yule mwalimu wa Jackson Pollock, mchoraji maarufu wa kumwagia rangi. Kiingilio kidogo, wanakutembeza. Alifariki 1975 kwenye studio yake ya nyuma ya nyumba, na studio imeachwa na makopo ya brashi kama yalivyokuwa. Benton alifukuzwa kazi kwenye chuo cha sanaa cha hapa 1941 baada ya kuyatukana makumbusho mbele ya waandishi wa habari, alisema bora michoro yake iuzwe kwenye mabaa na madanguro. Na hakuwa anatania, mchoro wake wa Persephone, yule mwanamke uchi kando ya kijito na mzee anamchungulia nyuma ya mti, uliwahi kuning'inizwa kwenye klabu ya usiku New York. Sasa hivi huyo Persephone yuko Nelson, upande wa sanaa ya Marekani. Ukimkosa, muulize mlinzi.